Kambi Iliyotangazwa Pamoja na Maji Yake

Shuleni kwetu Garissa mimi ndiye msomaji wa habari za skauti. Kila Ijumaa paredini, bendera ikishapanda na mwalimu wa zamu akishamaliza kututisha, naitwa mbele niwasomee wenzangu mambo ambayo kikosi chetu kinatarajia kufanya. Kazi hii sikuiomba. Nilipewa kwa sababu nina mdomo, na mwalimu wetu wa skauti aliona ni heri mdomo huo ufanye kazi mahali anapoweza kuuchunga.

Mwanzoni niliipenda. Nilisoma kama mtu wa redio, nikatia chumvi, nikapigiwa makofi. Lakini ukitangaza mambo yasiyotokea muhula baada ya muhula, unachoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Nilitangaza upandaji wa miti: miche ikaja, mvua ikakataa, mbuzi wa majirani wakaimalizia. Nilitangaza matembezi ya kwenda mto Tana: mto ukaamua kufurika wiki hiyohiyo na viboko wakahamia kwenye mashamba ya migomba. Nilitangaza usafi wa soko la mifugo: tukafika na mafagio yetu siku ya mnada, ng'ombe wako ndani, sisi tuko nje, tunatazamana. Na kambi sasa. Kambi ndiyo iliyonimaliza. Mara barabara imekatwa, mara mitihani imeingia, mara Ramadhani imeandama, mara basi la shule limeazimwa na watu wa harusi. Ikafika mahali nikitamka tu neno "kambi", paredi nzima inanijibu kwa sauti moja, "Imeahirishwa!" Hata mwalimu mkuu alikuwa akicheka, na huyo hacheki hata siku ya kufunga shule.

Mtu mmoja tu hakuwa akicheka. Alikuwa kiongozi wa doria yetu, yaani kile kikundi kidogo ndani ya kikosi, msichana wa kidato cha nne kutoka Tarbaj. Mrefu, mkali, skafu ya skauti ameifunga juu ya hijabu vizuri mpaka unadhani zilishonwa pamoja. Alikuwa amebakiza beji moja, ile ya mwisho. Ili uipate lazima uongoze kambi wewe mwenyewe, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, huku mkaguzi kutoka makao makuu anakutazama na kuandika. Bila beji hiyo huruhusiwi kuanzisha kikosi chako. Na kikosi ndicho alichokitaka. Tarbaj hakukuwa na kikosi cha wasichana, na yeye alitaka kurudi nyumbani akimaliza shule, akianzishe. Shule yenyewe ilikuwa inaisha. Likizo ile ya Agosti ilikuwa ya mwisho kabla ya mtihani wake. Kambi ikiahirishwa tena, hakuna tena.

Siku moja kabla ya paredi ya mwisho ya muhula alinikuta nje ya stoo, tunaanika mahema yaliyoliwa na panya bila kupigiwa kambi hata mara moja.

"Wariya, wewe kijana," akaniambia, "kesho unasoma habari za kambi."

"Nitasoma. Wataahirisha wenyewe."

"Usiichezee. Soma kama mtu aliyelelewa na mama."

"Mama ndiye aliyenifundisha utani."

"Mama yako namjua, amenidunga sindano mara nyingi. Hana utani hata tone."

Hapo alinishika. Mama yangu ni muuguzi. Alihamishiwa hapa nikiwa bado natambaa, na kwa sababu hiyo sijui mimi ni mtu wa wapi. Huku watu wakivuka daraja la Tana kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya, kwa hiyo wenzangu wananiita mtu wa Kenya. Nikienda huko Kenya, binamu zangu wananiita Msomali. Kisomali changu chenyewe kinatosha kununua maziwa na kuomba msamaha.

Kesho yake nikasimama mbele. Nikasema "kambi," nao wakaimba "imeahirishwa," nikangoja vumbi litulie. Kisha nikasoma karatasi ya mwalimu bila kuongeza hata nukta. Kambi itakuwa Ijumaa ijayo. Itakuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya Bura, ambayo imefungwa kwa likizo. Mkaguzi anatoka Nairobi. Basi limepatikana. Na lori la maji limeshaagizwa, litafika Ijumaa hiyo kabla ya adhuhuri kujaza tangi.

Paredi ikanyamaza. Si mkaguzi aliyewanyamazisha, wala si basi. Ni lile lori. Mvua ilikuwa imetukwepa msimu mzima, mbuzi wanauzwa kwa bei ya kuku, na huku hakuna mtu anayefanya mzaha na maji. Kama mwalimu ameagiza lori, basi kambi ipo kweli. Nikarudi kwenye mstari nikidhani kazi yangu imekwisha.

Siku hiyo shule ikafungwa na watoto wakatawanyika. Wa Bura wakaenda Bura, wa vijiji vya ndani ndani wakashuka njiani na masanduku yao, wengine wakaendelea mpaka Habaswein na mbele yake. Na huku kwetu ukikutana na mtu njiani hupiti tu. Mnasimama, mnasalimiana, halafu mnaulizana habari. Si ile habari ya kujibu "nzuri" halafu kila mtu na njia yake. Ni habari hasa: mvua imenyesha wapi, nyasi ziko wapi, maji yako wapi, ugonjwa uko wapi, kuna amani au hakuna. Unachokijua unakitoa chote, kwa mpangilio, hata kama umechoka na unataka chai yako. Mtu anayeficha habari ya maji wazee wanamwona mbaya kuliko mwizi wa mbuzi.

Basi watoto wa watu, waliolelewa vizuri, wakatoa habari. Kambi, mahema, bendera, mkaguzi, vyote vikadondoka njiani kwa sababu havina faida kwa mtu mwenye mifugo. Kilichobaki kikawa lori la maji, Ijumaa, kabla ya adhuhuri, ile shule ya barabara ya Bura. Hicho kikazunguka wiki nzima, kisima kwa kisima, boma kwa boma, na sisi hatuna habari kwamba tumekuwa habari.

Ijumaa ikafika, na kambi haikuahirishwa. Hilo peke yake lilinichosha, maana nilikuwa nimejiandalia utani wa kuahirishwa. Basi likatushusha na mizigo, likageuza, likaenda zake mpaka Jumapili. Mtandao wa simu pale hakuna. Kuna jengo la madarasa, uwanja wa vumbi, miba, na tangi kubwa jeusi la plastiki lenye bomba lililofungwa kufuli. Mkaguzi alikuwa mzee mnene mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikapigika, soksi mpaka magotini na kofia ya ukingo mpana.

"Joto hili ni la kawaida?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu. Leo kuna baridi kidogo."

Mwalimu wetu wa skauti akanifinya ubavuni. Yeye ni mtu wa Machakos, amekaa huku miaka mingi mpaka amejifunza kufinya bila kutazama.

Kiongozi wetu alianza kazi kabla hatujameza mate. Sheria ya jaribio lake ilikuwa moja: mwalimu asimsaidie kwa lolote, uamuzi wote wa kambi uwe wake. Mahema yakasimama, bendera ikapanda, jiko likachimbwa upande ambao upepo hautuletei moshi. Doria yetu ikachimba choo nyuma ya madarasa, tukakizungushia matawi ya miba, mlangoni kikawekwa kijiti chenye kitambaa: kikipandishwa ujue kuna mtu. Nilichimba mimi, kwa hiyo najua. Ardhi ile haichimbwi, inabembelezwa. Mkaguzi alitembea huku na huku akiandika, na kila alipoandika kiongozi wetu alijifanya hamwoni.

Lori likaja kwa wakati. Nilitaka kulipigia saluti. Likajaza tangi mpaka likafurika kidogo juu, dereva akampa kiongozi wetu ufunguo wa kufuli aliokabidhiwa na wenye shule, akawasha gari akaendelea na safari yake ya Masalani. Ufunguo kiongozi wetu akauvaa shingoni kwa uzi.

Vumbi la lori halikutulia. Tulipotazama vizuri tukaona si vumbi la lori. Lilikuwa linatoka upande wa pili, kisha upande wa tatu. Wakatokea mbuzi. Nyuma ya mbuzi punda wenye mitungi ya plastiki mitupu inayogongana, nyuma ya punda wanawake, na nyuma ya wote ngamia, wanakuja polepole kama watu wenye miadi.

Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo. Akatusalimia wote, akauliza tumeamkaje, wazazi hawajambo, masomo yanaendaje. Ndipo akasema, "Sisi iko na habari. Watoto ya shule nasema maji imefika."

"Mama," mwalimu wetu akasema, "haya maji ni ya skauti."

"Haya. Skauti ni kitu gani?"

Kila mtu akanigeukia mimi, msemaji wa kikosi. Nikajibu kama ilivyo kwenye ahadi yetu, maana ndilo jibu tulilokariri. "Ni watoto wanaosaidia watu wakati wote, ayeeyo," nikimwita bibi kwa Kisomali.

"Mashallah," bibi akasema, akaketi chini.

Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo sitalielezea. Akatuvuta nyuma ya tangi, yeye, mkaguzi, kiongozi wetu, na mimi nikaenda tu kwa sababu hakuna aliyenifukuza.

"Kanuni iko wazi," mkaguzi akasema. Hakusema kwa ubaya. "Kambi isiyo na maji haiendelei. Tangi hili likiisha, nafunga kitabu changu. Kitabu kikifungwa hakuna beji. Umenielewa, binti?"

"Nimeelewa."

"Lori jingine siwezi kulipata," mwalimu akasema. "Hili lenyewe nimelibembeleza kama mchumba. Lakini kiongozi wa kambi ni wewe. Sema wewe."

Kiongozi wetu akachungulia kando ya tangi. Mbuzi walikuwa wamesimama vichwa chini, hawalii. Mbuzi asiyelia ana kiu ya kupita kiasi. Kulikuwa na vitoto vimelazwa juu ya punda kama mizigo.

"Wametembea tangu alfajiri," akasema. "Na habari imetoka kwetu, maalim. Nikiwaambia hakuna, kuanzia leo ni nani atakayemwamini mtoto wa kikosi hiki njiani?"

"Tuwaambie imeahirishwa," nikasema. Mdomo wangu hauna breki.

Akanigeukia taratibu. "Beji yangu imo ndani ya tangi hili. Unajua?"

"Najua."

"Tarbaj yote imo humu."

"Najua, walaal, dada yangu."

"Basi nyamaza."

Akavua uzi shingoni, akafungua kufuli.

Hakufungua kama mtu aliyekata tamaa, nitamshuhudia hilo. Kwanza alituamuru tujaze madumu ya maji ya kunywa ya wanakambi, akayaingiza hemani na kumweka mtu mlangoni. Halafu akapuliza filimbi mpaka punda mmoja akaangusha mtungi. Akatangaza utaratibu kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu watu wa Kenya: watu kwanza, kisha mbuzi na vitoto vyao, kisha punda. Ngamia mwisho.

Mwenye ngamia, mzee mwenye ndevu nyekundu kwa hina, akaja juu. "Naya! Ngamia yangu imetoka mbali!"

"Adeer, mzee wangu, imetoka mbali kwa sababu inaweza kutoka mbali. Mbuzi wa ayeeyo hawa hawafiki jioni."

Mzee akamtazama, akatazama mbuzi. "Wewe ni binti ya wabi?"

"Ya Tarbaj."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kukaa na ngamia wake. Sikujua kama ni sifa au tusi, na nadhani hata yeye hakuamua.

Birika la kunyweshea hakukuwa. Kiongozi wetu akatuambia tuchimbe mtaro mfupi, akang'oa turubai la sakafu ya hema letu wenyewe, tukalitandika ndani, likawa birika. Tukabeba maji kwa ndoo, kwa karai, kwa sufuria ya ugali. Nilibeba mpaka mikono ikawa si yangu. Mbuzi mmoja alinikanyaga mguu, akanywa, akaniangalia, akanikanyaga tena. Kila nilipodhani kundi limekwisha, vumbi likaleta jingine. Wenzangu waliacha kuzungumza. Mimi pia niliacha kuzungumza, na mwalimu alipoliona hilo akaja kunigusa paji la uso kama ninaumwa.

Alasiri tangi likaanza kutoa ile sauti ya utupu. Nusu ya ngamia walikunywa, nusu hawakupata. Yule mzee hakugomba. Alisema waliobaki wataendelea kisimani, hakuna neno, akawapigia mluzi wakaondoka.

Mkaguzi akafunga kitabu chake. Alikifunga mbele ya kiongozi wetu, kwa heshima, akaweka kalamu mfukoni. "Pole sana, binti. Ulikuwa unafanya vizuri."

"Asante, mwalimu."

Kiongozi wetu akaenda pembeni kuswali. Kwa udhu hakuyagusa yale maji ya kunywa. Akapiga mikono yake mchangani, akapangusa uso na mikono, akaswali. Alipomaliza hakuinuka. Alikaa palepale mgongo umetuelekea, na mimi, ambaye nimewahi kufanya utani msibani, nikaenda kukaza kamba za hema ambazo hazikuwa zimelegea.

Tulikaa hivyo, kila mtu na ukuta wake, midomo imekauka. Basi la shule halirudi mpaka Jumapili. Unga tunao, maji ya kuusongea hatuna, maana yale ya madumu ni ya kunywa tu, kwa kipimo. Mwalimu alikuwa amejilaza kofia usoni na sote tulijua hajalala.

Jua likiwa bado halijazama wakaja vijana wawili wa yule mzee wa hina, wamebeba vile vibuyu vyao vya kusukwa vinavyonuka moshi, vimejaa maziwa ya ngamia. Wakavitua mbele ya jiko letu.

"Baba nasema nyinyi mmetoa maji yenu," mmoja akasema. "Sisi hatuwezi kuacha nyinyi na kiu. Kesho asubuhi tunaleta tena, na jioni. Mpaka gari yenu ije."

Hapo kiongozi wetu aliinuka. Akajikung'uta vumbi, akanyoosha skafu, akaenda mpaka kwa mkaguzi.

"Umefunga kitabu," akasema.

"Nimefunga."

"Mimi sijafunga kambi. Hakuna mtu wangu atakayelala na kiu wala njaa. Nitaiongoza mpaka Jumapili, hata usipoandika."

Mkaguzi akatazama barabara, huku haina gari na huku haina gari. "Ongoza," akasema. "Mimi mwenyewe sina pa kwenda."

Maziwa yakachemshwa, kwa amri yake, yakachemka hasa. Tukasonga ugali kwa maziwa. Tukapika chai ya maziwa matupu. Mkaguzi akaonja kikombe kimoja, akafumba macho kwa utamu, akanyoosha mkono aongezewe.

"Mwalimu," nikamwambia, "maziwa haya mgeni huanza na nusu kikombe."

"Kijana, mimi nimelelewa na ng'ombe."

"Hawa si ng'ombe, mwalimu."

Akacheka. Akamwambia mwalimu wetu kwamba kila kikosi kina kichekesho chake, akanyoosha kikombe tena. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa mimi. Siku nikisema kweli, watu wanashika mbavu.

Asubuhi ya Jumamosi kitambaa cha choo kilipanda na kushuka kuliko bendera. Mkaguzi alitoka, akatembea hatua chache kwa heshima zake zote, akasimama, akafikiri, akarudi. Kofia aliisahau. Soksi zilishuka moja baada ya nyingine na hakuna aliyezipandisha. Wenyeji walioshiba maziwa hayohayo tangu kuzaliwa walijificha nyuma ya madarasa kucheka, mpaka kiongozi wetu akapuliza filimbi.

Alichofanya siku hiyo sikukitegemea. Ratiba ilisema asubuhi ni kipindi cha huduma ya kwanza. Akamlaza mkaguzi kivulini, akatukusanya akatufundisha juu yake. Namna ya kupima mapigo ya moyo. Namna ya kubana ngozi ya mkono kuona kama mwili umekaukiwa. Maji ya chumvi na sukari, yanachanganywaje. Mkaguzi alijaribu kukataa, lakini mtu wa namna ile hana sauti ya kukataa. Tukapanga foleni kumpima mapigo, hata wale wadogo, na mmoja akatangaza kwamba mgonjwa hana mapigo kabisa, kumbe ameshika kidole gumba.

"Wewe," kiongozi wetu akaniambia, "mtoto wa nesi. Kila akitoka choo, mpe kikombe. Usimwache."

Nikamlinda mkaguzi mchana kutwa. Nilikaa juani nje ya uzio wa miba na kikombe mkononi, nachovya tone kwa tone kutoka kwenye yale madumu aliyoyaficha kiongozi wetu jana kabla hajafungua bomba. Ni kazi ya kuchosha, kumngoja mtu mzima chooni. Huwezi kuimba wala kuondoka. Kuna wakati aliniita kutoka ndani, sauti nyembamba, "Kijana, bado uko?" Nikamjibu, "Niko, mwalimu." Akasema, "Vizuri," basi.

Jioni tumbo likamtulia. Jumapili asubuhi alikuwa ameketi akiegemea ukuta wa darasa, amepungua kidogo, akamwita kiongozi wetu. Mimi nilikuwa karibu na kikombe changu, sijaambiwa niache.

"Kitabu nilikifunga Ijumaa," akasema.

"Najua, mwalimu."

"Sijawahi kukifungua tena nikishakifunga."

Kiongozi wetu akasimama wima. Mikono yake ilikuwa nyuma, na kwa kuwa nilikuwa nyuma niliiona inavyoshikana.

"Choo mmechimba wenyewe?"

"Doria yangu."

"Ni kirefu."

"Ndiyo."

"Ninajua," mkaguzi akasema. "Nimekaa nacho sana."

Nikajitia skafu mdomoni nikaiuma.

"Niambie kitu kimoja," akaendelea. "Ulipofungua bomba, ulijua maziwa yatakuja?"

"Hapana."

"Na kama ungejua hayaji?"

Kiongozi wetu aligeuza uso. Alitazama uwanja, kwato zimeuchafua wote, kinyesi cha mbuzi kila mahali ambacho sisi ndio tungekifagia. "Ningefungua hivyohivyo," akasema. "Ila ningelia kwanza."

Mkaguzi akatikisa kichwa polepole, akatoa kalamu. Akafungua kitabu, akaandika kwa muda mrefu, akisimama kila mara kama mtu anayetafuta neno ambalo makao makuu hawana. Sijui aliandika nini juu ya maji. Mwishoni akatia sahihi mahali pa beji, akamgeuzia aone. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa sisi skauti husalimiana kwa kushoto. Kiongozi wetu akaweka mkono wake kifuani akainamisha kichwa. Mkaguzi akaelewa, naye akaweka wake kifuani.

Nilidhani atapiga kelele. Mimi ningepiga, ningezunguka uwanja. Yeye alisema asante, akaenda moja kwa moja kuchukua sepetu mbili, moja akanipa. Kambi haijaisha mpaka uwanja urudi ulivyokuwa, na choo kilikuwa bado wazi.

"Mimi? Hata sikukitumia."

"Ndiyo maana una nguvu."

Tukafukia wawili. Udongo tulioutoa kwa kubembeleza ulirudi kwa kubembeleza. Akawa anazungumza, si nami hasa, juu ya Tarbaj. Kwamba huko ardhi ina mawe zaidi. Kwamba wasichana wa kuanzia anawajua, binti wa mjomba wake na rafiki zake, wanaoteka maji pamoja, kwa hiyo tayari ni doria, hawajui tu. Akaniuliza kama mtu anaweza kuanza bila mahema. Nikasema sijui. Bila skafu? Nikasema sisi wenyewe skafu zetu ni vitambaa vya pazia. Akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza, na cheko lenyewe likamchosha, akaketi chini kando ya shimo apumzike kabla ya kumalizia.

Nikamalizia mimi. Nilipogeuka kumwambia nimemaliza, alikuwa amelala, amekaa vilevile, sepetu kwenye magoti. Basi likafika, likapiga honi. Hakushtuka. Mwalimu akaja, watoto wakaja na mizigo vichwani, tukasimama wote tukimtazama, tumechoka, hakuna aliyetaka kuwa wa kumwamsha. Dereva akapiga honi tena.

"Mwambieni angoje," mkaguzi akasema, akaketi naye chini, taratibu, kama mtu asiyeliamini bado tumbo lake.

Sote tukaketi.